Stenlesi Imeshika Kutu Ukutani: Pa Kuanzia Kutafuta Kosa

Simu huanza kuingia kusi inapoanza kuvuma. Mwenye nyumba ameona michirizi ya rangi ya chai ikishuka ukutani chini ya mkono wa chuma unaobeba roshani, au ufa mwembamba juu ya dirisha, na tayari amekwisha kumhukumu aliyemuuzia chuma. "Fundi, si wewe ulonambia chuma hichi hakishiki kutu?" aliniuliza Bi Mkubwa mmoja wa Mji wa Kale, hata salamu hazijaisha. Nikamjibu, "Bi Mkubwa, niache nipande ngazi kwanza." Nyumba yake nitairudia huko chini.

Stenlesi, au chuma cha pua kama vitabu visemavyo, ni chuma kile kile kilichochanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi ikikutana na hewa hutandaza juu ya uso utando wa oksidi mwembamba mno, usioonekana kwa jicho. Utando ukikwaruzwa hujiziba wenyewe, mradi hewa inaufikia. Adui wake mkubwa ni kloridi, yaani chumvi, hasa chumvi inayokaa mahali pamoja na unyevu bila kuoshwa. Mombasa hiyo haitafutwi. Huja na upepo mpaka chumbani.

Kwa hiyo kila nikiitwa nina maswali matatu: hii ni stenlesi gani, imepakana na nini, na chumvi inakaa wapi? Swali la tatu ndilo linalosahaulika.

Kabla ya kugusa

Chuma kinachobeba ukuta hakifunguliwi kwa udadisi. Ukitaka kuondoa hata jiwe moja juu ya linta (boriti inayobeba ukuta juu ya mlango au dirisha), au bolti moja ya mkono wa roshani, egemeza kwanza: nguzo za chuma za kurefusha, ubao mpana juu na chini, na hakikisha sakafu ya chini yenyewe yaweza kubeba. Nyumba za zamani zenye dari za boriti zinadanganya hapa. Mzigo wa ukuta ukiuteremsha juu ya boriti mbili zilizoliwa na mchwa, umehamisha hatari tu. Ikiwa kinachobebwa ni ghorofa, roshani au ukuta mrefu, mwite mhandisi wa majengo kabla hujafungua. Na ukiwa Mji wa Kale, kuna taratibu za uhifadhi za kupitia kabla ya kubadilisha chochote kinachoonekana kwa nje.

Vifaa vya kukagulia ni vichache: sumaku, tochi, kitambaa cheupe, bisibisi nyembamba, na chupa ya maji matamu. Nasisitiza matamu, sababu yake yaja.

"Imegeuka kahawia, lakini nikiipapasa ni laini"

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na mara nyingi ndilo lenye madhara madogo. Uso umepata rangi ya chai ya rangi, imetanda kama kivuli, lakini kidole hakikuti shimo wala magamba. Bamba ni zima. Kinachoonekana ni utando uliochokozwa juu juu na chumvi.

Tazama mahali doa lilipo. Ukikuta upande wa juu unaopigwa na mvua unang'aa huku upande wa chini umekuwa kahawia, jibu umelipata. Watu hudhani mvua ndiyo iletayo kutu, wakaweka chuma chao chini ya paa kukilinda. Kwa chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida, hiyo ni akili. Kwa stenlesi ya pwani ni kinyume. Kusi hubeba chembe za maji ya bahari, chembe zikatua kila mahali. Sehemu iliyo wazi huoshwa na masika, ila sehemu iliyo chini ya roshani, nyuma ya nguzo, au chini ya ukingo wa paa hubaki na chumvi yake mwaka mzima. Usiku hewa ikijaa unyevu, chumvi ile huyeyuka kidogo. Mchana hukauka na kuwa kali zaidi. Nimeona mikono ya roshani Nyali, nyumba ya mstari wa kwanza kutoka ufuoni, ambayo pacha wake mmoja alikuwa juani na mvuani, mwingine chini ya kibanda cha makuti. Wa kibandani ndiye aliyeharibika.

Dawa ni kuosha: maji matamu, sabuni laini, kitambaa, halafu suuza na ufute ukauke. Nyumba inayotazama bahari, kila miezi mitatu. Iliyo ndani kidogo, mara mbili kwa mwaka yatosha. Doa lililokomaa huondoka kwa asidi ya sitriki iliyochanganywa na maji ya vuguvugu, ikaachwa kidogo kisha ikasuuzwa vizuri. Usitumie waya wa kusugulia sufuria, kwani huacha chembe za chuma cheusi zitakazoshika kutu kesho. Usitumie maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Na ile asidi kali ya kuondolea saruji kwenye vigae iwekwe mbali kabisa. Ni asidi ya hidrokloriki, kloridi tupu. Nyumba kadhaa mpya nilizoitwa, uharibifu ulifanywa siku ya usafi wa kukabidhi, kabla mwenyewe hajaingia.

Kuhusu maji ya kuoshea: visima vingi vya kisiwani na vya ufuoni ni vya maji ya chumvi au magwadu. Kwa kawaida stenlesi ya 304 hupendekezwa kwa maji yenye kloridi isiyozidi kama miligramu 200 kwa lita, na 316 kama 1,000 (namba hizi ni aina za stenlesi, nazieleza punde). Maji ya bahari yana kiasi cha 19,000. Kisima chenye ladha ya chumvi ulimini kimeshavuka kipimo cha 304 muda mrefu. Ukiosha kwa maji hayo unapaka chumvi upya. Tumia maji ya mvua uliyokinga.

Ikiwa doa larudi baada ya wiki chache, mashaka yanahamia kwenye aina ya chuma au uso wake. Uso uliosagwa kwa ukali una mifereji midogo ya kushika chumvi. Uso laini, wenye ukwaru usiozidi nusu ya mikroni, hukaa safi muda mrefu zaidi. Mistari ya kusugulia nayo iende wima ili maji yateremke.

Aina zenyewe ni hivi. 304 ina kromi kama asilimia 18 na nikeli 8 hivi. 316 inaongezewa molibdeni, asilimia 2 na zaidi, na hiyo molibdeni ndiyo inayopambana na kloridi. Hapa pwani, kwa chuma kilicho nje, naanzia 316, na ile yenye herufi L ikiwa kitachomelewa. Ya 304 nje hapa ni kununua kazi ya kusugua. Juu zaidi kuna dupleksi, kama 2205, yenye kromi 22 na molibdeni 3, kwa mahali panaporushiwa maji ya bahari moja kwa moja.

Wengine huja na sumaku: "Imenasa, kwa hiyo ni feki." Polepole. Sumaku hunasa 430, ambayo haina nikeli na kweli haifai nje hapa. Lakini hunasa dupleksi pia, ambayo ni bora kuliko zote nilizozitaja. Na hainasi 201, ile ambayo nikeli imepunguzwa na manganizi kuwekwa badala yake, ambayo madukani hupita kama stenlesi nzuri. Hata 304 halisi ikikunjwa hunasa kidogo penye mkunjo. Sumaku inaanzisha maswali, haimalizi. Kinachomaliza ni cheti cha kiwandani chenye namba inayolingana na iliyopigwa kwenye bamba, au dawa ya matone inayogeuka rangi penye molibdeni.

"Ni vitone vitone vya rangi ya chungwa"

Vitone vikali, vimetawanyika kama vilivyorushwa, na mara nyingine vina mwelekeo. Basi vilirushwa kweli. Kuna mtu alikata nondo au alisaga geti la chuma cheusi karibu, cheche zikatua juu ya stenlesi na kuganda. Au fundi alitumia jiwe la grainda lile lile la asubuhi, lililokwisha kusaga chuma cheusi. Au burashi ya waya ya kawaida. Kitone kinachoshika kutu ni mgeni, ila kikiachwa hukaba hewa chini yake na kuanzisha shimo kwenye stenlesi yenyewe.

Vitone vichanga huondoka kwa sitriki. Vilivyoganda vinataka kusuguliwa kwa jiwe jipya la stenlesi pekee, kisha asidi. Zaidi ya hapo ni nidhamu ya karakana: meza yenye ubao au mpira juu, mawe ya stenlesi kwenye sanduku lake lililofungwa, na chuma cheusi kikatwe upande ule ambako upepo unaelekea, si unakotoka. Karakana zetu nyingi ni uwanja mmoja wazi kando ya barabara. Najua nasema jambo gumu. Siku hizi nachukua mawe yangu mwenyewe kwenye mfuko, mafundi wananicheka.

"Kutu iko kwenye maungio ya kuchomelea tu"

Uliza rodi gani ilitumika. Jibu likiwa "ya kawaida", safari imeisha: mshono ule ni chuma cheusi kilichomwagwa juu ya stenlesi, na hakuna kusugua kutakakousaidia. Ukatwe, uchomelewe upya, 308L kwa 304, 316L kwa 316, na 309L pale stenlesi inapoungwa na chuma cheusi.

Kama rodi ilikuwa sahihi, tazama rangi pembeni ya mshono: dhahabu, zambarau, bluu, nyeusi. Wateja wengine huzipenda kama pambo. Ni magamba ya joto, na chini yake kuna tabaka lililopungukiwa kromi. Sharti yatolewe mpaka chuma cheupe kionekane, kwa kusaga kwa jiwe safi au kwa dawa maalumu ya kubandua. Dawa hiyo ina asidi ya nitriki na ya hidrofloriki, na hiyo ya pili hupenya ngozi ikafika mfupani kabla hujasikia maumivu makali. Asiyekuwa na glavu zake, miwani yake na jeli ya kalisi ya huduma ya kwanza asiifungue.

Kutu ikiwa si kwenye mshono bali kwenye mstari kando yake kidogo, huenda bamba lina kaboni nyingi. Stenlesi ikikaa kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi, kaboni hukumbatia kromi na kuiondoa kazini. Herufi L huashiria kaboni isiyozidi asilimia 0.03, na ndiyo sababu naitaka kwa kazi ya kuchomelea.

"Bolti zimeoza, bamba zima"

Hapa pana majirani wasiopatana. Bolti iliyopakwa zinki ikifungwa kwenye bamba kubwa la stenlesi, unyevu wa chumvi ukiziunganisha, zinki ndiyo itakayolika, kisha chuma chake. Bolti ndogo kwenye bamba kubwa hulika kwa kasi kwa sababu bamba zima linaivuta. Kinyume chake, bolti ya stenlesi kwenye bamba kubwa la chuma cheusi, madhara husambaa na huenda polepole. Funga stenlesi kwa stenlesi. Pasipowezekana, weka washa na mirija ya nailoni itenganishe metali hizo mbili.

Soma kichwa cha bolti. A2 ni jamii ya 304, A4 ni jamii ya 316. Namba inayofuata ni nguvu: 70 ni niutoni 700 kwa milimita ya mraba, 80 ni 800. Bolti isiyo na alama kichwani sifungi kwenye kitu kinachobeba mtu.

Na nati ikigoma katikati, haiendi wala hairudi, usiilaumu kutu. Stenlesi kwa stenlesi hung'ang'aniana zikisuguana kwa kasi. Paka grisi ya kuzuia kunata, zungusha kwa mkono mpaka ikae, malizia kwa spana taratibu, na mashine ya kufungia iache kwenye gari.

"Ukuta umepasuka, ufa umelala"

Sasa turudi kwa Bi Mkubwa. Nyumba yake ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na miaka michache kabla alikuwa amepanua mlango wa chini kupata duka. Juu ya uwazi ule akawekewa anglaini (vyuma vya umbo la L) mbili za stenlesi, kubwa, nzuri, zenye cheti. Nilipofika, chuma kilikuwa safi kama kijiko. Lakini sentimita chache juu yake, ufa ulikuwa umelala sambamba na chuma, kutoka ncha hadi ncha, na jiwe moja lilikuwa limesukumwa nje unene wa kucha.

Ufa una lugha yake. Unaopanda kwa ngazi kutoka pembe za dirisha husema linta imelegea, au ncha yake inazama, au msingi umeshuka. Ufa wa wima kwenye ncha za bimu ndefu iliyo juani husema chuma kinarefuka na ukuta haufuati. Unaolala sambamba na chuma, jiwe likisukumwa, husema kuna kitu ndani kinavimba. Na kinachovimba ni kutu: hujaza nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, na jiwe la matumbawe halina nguvu ya kukizuia.

Swali likawa, kutu ya nani, ilhali anglaini ni safi? Tuliegemeza, tukatoa mawe matatu. Nyuma ya anglaini tukakuta vipande vya nondo vilivyochomelewa kama masikio ya kuingia ukutani, na waya mweusi wa kufungia nondo umezungushwa kila mahali. Aliyefanya alihesabu kuwa kisichoonekana hakihitaji kuwa stenlesi. Masikio yale yalikuwa yamevimba kama viazi vikuu.

Fundi aliyezoea zege angeweza kushangaa, maana nondo zetu tunazizika kwenye zege kila siku nazo hudumu. Zege changa lina alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12.5 na zaidi, na humo chuma cheusi hujivika utando wa kujikinga. Chokaa ya zamani imekwisha kunywa hewa ya kaboni dioksidi miaka na miaka. pH yake imeshuka hadi 8 au 9, na chuma kilichomo kiko uchi. Ongeza kwamba tumbawe ni mifupa ya viumbe wa baharini, lina matundu, linanyonya maji na chumvi kama sifongo. Chuma cheusi ndani ya ukuta wa namna hiyo ni sawa na kukilaza ufuoni.

Mahali pengine walijifunza kwa gharama kubwa. Kule Ugiriki, kwenye hekalu la Parthenon, wajenzi wa kale walizungushia risasi vibanio vyao vya chuma. Warekebishaji wa mwanzoni mwa karne ya 20 wakaweka chuma kitupu, kikashika kutu na kupasua marumaru, na waliofuata ikawabidi wakitoe na kuweka titani. Kwa upande wa pili kuna gati ya Progreso, Meksiko, iliyokamilika mwaka 1941 kwa nondo za stenlesi ya 304, ndani ya maji ya bahari ya joto kama yetu. Bado imesimama, na gati ya nondo za kawaida iliyojengwa jirani yake baadaye ilibomoka. Hapo utaona kwamba 304 ile ile ninayoikataa nje, ndani ya zege yenye alkali hufanya kazi kubwa. Kwa hiyo "stenlesi gani" haijibiki bila "itakaa wapi".

Kwa Bi Mkubwa tuliikata nondo yote, tukaweka masikio ya 316L, waya wa stenlesi, na tukajenga upya kwa chokaa, bila saruji kali, kwa mchanga uliooshwa. Mchanga wa ufuoni hapana, hata kama ni bure na uko mlangoni. Ufa wenyewe, sehemu ambazo mawe hayakusogea, tulishona kwa vijiti vya stenlesi vilivyosokotwa, milimita 6, ndani ya mistari ya chokaa, vikivuka ufa nusu mita kila upande.

Nilitaja ufa wa joto. 316 hurefuka zaidi kuliko chuma cheusi. Bimu ya mita 4 iliyo juani, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka karibu milimita 2. Chuma cheusi kingerefuka kama milimita 1.4, na ukuta wa mawe chini ya hapo. Anayebadilisha bimu ya zamani kwa stenlesi akaibana ncha zote mbili kwa saruji ataona ufa kabla ya mwaka kwisha. Acha ncha moja iteleze, na pengo lake lizibwe kwa kitu cha kunyumbuka.

"Hakuna kutu popote, ila linta imebonyea"

Wengi huamini stenlesi ina nguvu kuliko chuma cheusi kwa kuwa ni ghali. 304 na 316 huanza kuvutika bila kurudi kwenye kiasi cha niutoni 220 kwa milimita ya mraba, ilhali chuma cha kawaida cha ujenzi ni 275. Dupleksi pekee ndiyo inayopita, kama 450. Na kwa ugumu wa kutopinda, zote zinakaribiana, stenlesi ikiwa nyuma kidogo.

Linta nyingi zilizobonyea nilizozikuta zilipunguzwa unene ili bei ishuke. Bamba la milimita 10 likifanywa 8, halipindi zaidi kwa robo kama mtu anavyodhani; hupinda karibu mara mbili, kwa sababu ugumu wa bamba lililolala hufuata unene mara unene mara unene. Pima kwa uzi uliovutwa kutoka ncha hadi ncha, andika tarehe ukutani, rudi baada ya mwezi. Ikiwa bado inashuka, mhandisi. Na tazama ncha zinavyokalia: chini ya milimita 150 kila upande sikubali, na juu ya tumbawe laini naweka kwanza kitanda cha zege, la sivyo ncha hutafuna jiwe.

"Nanga inacheza"

Nanga hapa ni bolti iliyozamishwa ukutani kushikilia kitu. Hii haihusiani na kutu hata kidogo, lakini huingia kwenye lalamiko lile lile. Rolbolti hufanya kazi kwa kutanuka na kubana pande za tundu. Kwenye zege sawa. Kwenye tumbawe, hasa karibu na pembe, hupasua jiwe, au hutanuka ndani ya tundu la asili na kushika hewa. Nanga za ukuta wa matumbawe ni za rezini (gundi inayoganda), ufito wa stenlesi wenye meno, ndani ya soksi ya wavu ili rezini isitoroke matunduni. Tundu lipulizwe, lipigwe burashi, lipulizwe tena. Vumbi la tumbawe ni kama unga, rezini itashika unga na siyo jiwe. Fanya asubuhi, kwani mchana wa kaskazi rezini huganda kabla hujaisukuma. Kisha jaribu kwa kuvuta nanga moja au mbili kabla ya kuning'iniza chochote.

"Kuna vishimo pale chuma kinapoingia ukutani"

Choma kwa bisibisi. Ikizama, huu ni uharibifu wa kweli. Ukingo ambapo plasta inagusa chuma ni mpenyo mwembamba: chumvi huingia, hewa haiingii, utando haujizibi. Chini ya washa za mpira vivyo hivyo. Futa plasta irudi nyuma, safisha, ziba kwa silikoni isiyonuka siki, na uinamishe mota (mchanganyiko wa kujengea) ili maji yasielekee chuma. Shimo likiwa limekula zaidi ya sehemu ndogo ya unene, kipande kibadilishwe.

Palipo na bwawa la kuogelea

Hapa sifanyi mzaha. Chumba kilichofungwa chenye joto na mvuke wa klorini, kama chumba cha pampu au bwawa la ndani, stenlesi ya kawaida inayobeba mzigo yaweza kupasuka ghafla, na pengine doa dogo tu ndilo lililotangulia. Mwaka 1985 huko Uster, Uswisi, dari ya zege ya bwawa la ndani iliyoning'inizwa kwa fito za stenlesi ilianguka na kuua watu 12. Hapo kuna orodha fupi ya aina za pekee zinazoruhusiwa, na 304 na 316 hazimo. Ukikuta fito za namna hiyo zimeshikilia dari, funga mlango, toa watu, na mpigie mhandisi ukiwa nje.

Bi Mkubwa aliniita tena masika yaliyofuata. Ufa haukurudi, ila anglaini imepata kivuli cha kahawia upande wa chini, usiopigwa na mvua. Nikamtuma mjukuu wake alete ndoo ya maji ya mvua na kitambaa. "Si ya kisima?" akauliza kijana. "Si ya kisima."